Maswali ya wasomaji: "Leseni ya shemeji ina nafasi, niingize lori langu?"

Mwezi huu barua zimekuja za malori tu. Inaonekana Waswahili wa huku Uingereza tumechoka kubebewa mapipa yetu na watu wengine, kila mtu sa hizi anataka lori lake, na mimi sina neno, kazi ipo. Ila nikisoma mnayoyaandika naona wengi mnaulizia bei ya gari, mnaulizia bima, mnaulizia wapi kuna dizeli nafuu, halafu leseni ya opereta, yaani ruhusa ya kutumia lori kwa biashara, inatajwa mwisho kabisa kama kitu cha kuazima kwa jirani. Basi leo tujibu hizo tu. Na ninachosema hapa ni cha England, Scotland na Wales, walioko Belfast na kule Ireland ya Kaskazini wana sheria yao na ofisi yao, msije mkanilaumu.

Shikamoo kaka. Mimi na mume wangu tunakusanya mapipa na maboksi ya watu hapa Leicester na miji ya karibu, tunapeleka yadi kwa agenti anapakia kontena la Mombasa na Dar. Tumekuwa na van ya Luton (ile yenye boksi kubwa nyuma) ya tani 3.5, sasa kazi imekua, tumeona lori la tani 7.5 zuri bei poa. Shemeji yangu ana leseni ya opereta ya magari mawili na yeye ana lori moja tu, amesema tuchukue diski yake ya pili (kile kikaratasi cha leseni) tubandike kwenye kioo, tumpe kitu kidogo kila mwezi. Je tutakuwa salama? — Dada, Leicester

Marahaba dada. Hapana, hamtakuwa salama, na shemeji naye hatakuwa salama, pengine yeye ndo ataumia zaidi.

Ngoja nieleze vizuri maana hili swali limekuja kwa sura tatu nne tofauti. Leseni ya opereta haimo kwenye gari, imo kwa mtu. Sheria yenyewe ni ya mwaka 1995 na inachouliza ni kitu kimoja, nani analitumia hili gari kwa biashara, yaani dereva ni wa nani, anayemlipa dereva ni nani, kama dereva ndo mwenye gari basi ni yeye mwenyewe. Kwenye kadi lori liwe la nani haijalishi sana, hata la kukodi poa. Sasa lori la kwenu, mumeo ndo anaendesha, wateja wenu, hela inaingia akaunti yenu, alafu kwenye kioo kuna diski ya shemeji, hapo opereta ni nyinyi na hamna leseni, na shemeji ametoa diski yake itumiwe na mtu mwingine, hilo nalo ni kosa peke yake. Hizo nafasi mbili alizopewa ni za magari anayoendesha yeye, si vitanda vya gesti apangishe.

Na msidhani hawawezi kujua. Wale maofisa wa DVSA, wakala wa serikali wa kukagua magari, barabarani wakimsimamisha mumeo swali la kwanza ni unamfanyia nani kazi, la pili nani anakulipa. Akijibu ukweli imeisha, akidanganya imeisha vibaya zaidi. Wana mamlaka ya kulikamata lori lisilo na leseni hapohapo pamoja na mzigo uliomo ndani, na hebu fikiria mapipa ya watu arobaini yamezuiliwa na kila mwenye pipa ana namba yako ya WhatsApp. Mahakamani faini kwa England na Wales haina kikomo kilichowekwa. Alafu shemeji ataitwa mbele ya Kamishna wa Trafiki, ndo mtoaji wa hizi leseni, ajieleze, na huyo kamishna anaweza kumpunguzia magari, kumsimamisha, au kumnyang'anya leseni kabisa.

Njia za halali zipo mbili. Ya kwanza, kazi iwe ya shemeji kwelikweli, mumeo aajiriwe naye, alipwe mshahara na shemeji, shemeji aliongeze lori kwenye leseni yake kwa namba yake, alikague yeye, lilale kwenye yadi yake, na likiharibika ni juu yake. Hapo hamna tatizo lolote ila biashara si yenu tena. Ya pili muombe ya kwenu.

Mkiomba ya kwenu angalieni aina. Kuna ile ya kubeba mali yako mwenyewe tu, masharti yake mepesi, na watu wengi wanaikimbilia kwa sababu ni rahisi. Nyinyi haiwafai, mapipa ni ya watu na mnalipwa kuyabeba. Mnahitaji ile ya kubebea watu mizigo ndani ya nchi. Wengine watawaambia kwa vile mzigo unaenda Mombasa lazima mchukue ya kimataifa, si kweli, lori lenu linaishia bandarini Tilbury au Felixstowe au hapo kwa agenti, meli ndo inaenda Mombasa. Ya kimataifa ni lori lenyewe likivuka bahari.

Mambo mzee. Nina van yangu ya tani 3.5 nafanya kazi za kuhamisha watu nyumba. Wiki ijayo nina mteja mkubwa, nimepanga kukodi lori la tani 7.5 kwa siku moja tu. Kampuni ya kukodisha wameniuliza leseni yangu ya udereva na kadi ya benki basi. Kwa siku moja nako nahitaji hiyo leseni ya opereta? — Kijana wa Reading

Poa mwanangu. Unahitaji, hata kwa siku moja, hata kwa masaa mawili. Ungekuwa unahamisha vitu vyako mwenyewe kutoka flat moja kwenda nyingine, hapo ni mambo yako binafsi, kodi lori nenda zako. Lakini mteja anakulipa, hiyo biashara, na gari limezidi tani 3.5. Kampuni ya kukodisha kutokukuuliza si ruhusa, wao wameshapata hela yao na barabarani hawatakuwepo.

Mpaka uko hapo kwenye kilo 3,500, na hesabu hii si ya uzito uliopakia siku hiyo, ni uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha gari. Fungua mlango, tafuta kibati, huwa kina mistari ya uzito kadhaa, wa kwanza ni gari lenyewe likijaa, unaofuata ni gari pamoja na tela, halafu ekseli ya mbele na ya nyuma. Lori la tani 7.5 likiwa tupu kabisa bado ni lori la tani 7.5. Na ukifunga tela kwenye van yako ya biashara usidhani umewakwepa, uzito wa juu wa van na wa tela vinajumlishwa. Ukiwa unabeba mali yako mwenyewe na tela lenyewe likiwa tupu ni chini ya kilo 1,020, hilo halihesabiwi.

Utasema basi nibaki na van yangu nirundike. Hapo ndo wengi wanapigwa. Luton yenye lifti ya nyuma uzito wake mtupu umekula karibu wote, mara nyingi unachobakiwa nacho hakifiki hata tani, na watu wa mapipa nisikieni na nyie, pipa likijazwa sabuni, mafuta ya kupikia na makopo linapita kilo mia bila jasho, sasa jumlisha mwenyewe ukipanga kumi na mbili mle ndani. Faini ya papo hapo ya kuzidisha uzito inaanzia pauni 100 mpaka 300, ukizidi asilimia 30 hakuna papo hapo tena, ni mahakamani. Na hawakuachi uendelee na safari, utashusha pale pale pembeni ya barabara huku mteja anapiga simu.

Halafu kitu kingine hujauliza ila nakuuliza mimi, leseni yako ya udereva ina C1, lile daraja la kuendesha lori la tani 7.5? Walofaulu mtihani wa gari dogo kabla ya tarehe 1 Januari 1997 walipewa C1 bure, ndo maana utamkuta mzee ana leseni ya kawaida tu na anaendesha lori la tani 7.5 kihalali. Wewe kwa jina ulilojiita sidhani kama ni wa kundi hilo. Itabidi upime afya, ufanye mtihani, na kwa vile ni kazi ya kulipwa kuna na cheti cha dereva, kinahuishwa kwa masaa 35 ya mafunzo kila miaka 5. Wewe kwa wiki ijayo nakushauri mtafute mwenye lori na leseni yake na dereva wake, umlipe kama mkandarasi, au piga tripu mbili na van.

Salamu kutoka Northampton. Tuko vijana wanne, tunataka kuanza na malori mawili makubwa ya kubeba kontena. Tumesikia lazima uoneshe hela benki. Tuna chama, mwenyekiti amekubali kutuwekea pesa kwenye akaunti tupige picha ya statement halafu turudishe. Ni kiasi gani na itapita? — Vijana wa Northampton

Kiasi kwanza. Kwa leseni ya kubebea watu mizigo, gari la kwanza ni pauni 8,000 na kila linaloongezeka ni 4,500, kwa hiyo malori mawili ni 12,500. Ile ya mali yako mwenyewe ni 3,100 la kwanza na 1,700 yanayofuata. Hizo si hela za kulipa, ni za kuonesha kwamba ipo, gari likiharibika breki leo una cha kumpa fundi leo, sio unalitoa hivohivo kwa sababu hela ya wiki haijaingia.

Mpango wa mwenyekiti hautapita, na sababu si uchawi. Hawaangalii salio la siku moja, wanataka statement za siku 28 mfululizo na wanachukua wastani. Mkiingiza 12,500 siku ya 27 mkaitoa siku ya 29 wastani wenu utakuwa kichekesho. Na pia akaunti lazima iwe kwa jina lilelile la anayeomba. Mkiomba kama kampuni, hela iwe kwenye akaunti ya kampuni, sio ya Juma, sio ya mke wa Juma, sio ya chama. Nafasi ya overdraft (benki kukuruhusu kutoa zaidi ya salio) ambayo hamjaitumia inahesabika, hilo watu wengi hawalijui, kaongeeni na benki yenu.

Na hata kama mngefaulu kwa ujanja, sharti hili haliishi siku ya kupewa leseni. Wakati wowote wanaweza kukwambia hebu tuone. Chama kikikopesha kweli, kwa maandishi, hela ikae na ifanye kazi ndani ya kampuni, hiyo ni habari nyingine na ni jambo zuri tu, vyama vyetu ndo vingekuwa vinafanya hivyo badala ya kuchangia ukumbi kila mwezi. Haya tuyaache.

Ada zenyewe: kuomba ni pauni 257, hairudi hata ukikataliwa, na leseni ikitoka ni 401, halafu 401 tena kila miaka 5. Mkituma kwa mtandao na karatasi zikawa safi kawaida ni kama wiki 7. Sasa nyie nawajua, mtanunua malori kwanza. Malori yatakaa yadi wiki 7 yanalipiwa mkopo na hayaruhusiwi kugusa mzigo wa biashara hata mmoja. Anzeni na karatasi, gari la kununua halijawahi kukosekana. Mnaweza kuomba leseni ya muda wakati mnasubiri ila nayo hawaitoi kwa mtu ambaye faili lake lina mashimo.

Assalam alaykum. Nimekodi sehemu ya kuweka lori nyuma ya gereji ya rafiki yangu Birmingham. Ombi langu limerudishwa wanasema tangazo la gazeti halikubaliki. Tangazo nimeweka kweli, nimelipa, risiti ninayo! Wanataka nini hawa watu? — Mzee mwenzio, Sparkbrook

Waalaykum salaam mzee mwenzangu. Wanataka majirani wako wawe wamepata nafasi ya kulisoma. Tangazo lazima liwe kwenye gazeti linalosomwa eneo lile lori litakapolala, sio gazeti la jumuiya yetu wala la Kiswahili wala la mji mwingine ulikopata bei nafuu. Na tarehe zina mpaka, lisitoke zaidi ya siku 21 kabla ya siku uliyotuma ombi wala zaidi ya siku 21 baada. Na maneno yake yana mfano wake wa kufuata, jina la mwombaji lilingane na la kwenye fomu, anwani ya yadi iwe kamili, idadi ya magari na matela itajwe. Mtu anaandika gari moja kwenye gazeti na mawili kwenye fomu kisha anashangaa. Kwa hiyo risiti yako haiwasaidii, wanataka ukurasa wenyewe wenye tarehe.

Nilivyoelewa kwenye barua yako ndefu, (nimeikata mzee, nisamehe) gazeti lilitoka miezi miwili kabla hujatuma fomu. Basi tatizo ndo hilo tu, weka jipya.

Ila usiridhike. Tangazo likitoka, mwenye nyumba au anayeishi karibu na hiyo yadi ana siku 21 za kupinga kwa sababu ya kelele, moshi, taa za usiku, lori kupita alfajiri. Halmashauri na polisi nao wanaweza kupinga. Kamishna anaweza kukupa leseni lakini akakuwekea masharti, kwa mfano lori lisiwashwe kabla ya saa 12 asubuhi. Nenda kaongee na majirani wako kabla hawajasoma gazetini, wabebee hata sambusa, utashangaa pingamizi ngapi zinaisha mlangoni. Na upate barua ya rafiki yako mwenye gereji kwamba amekuruhusu, maana sehemu si yako. Lori kulala mtaani mbele ya nyumba usifikirie kabisa.

Kuna jamaa anatangaza kwenye magrupu kwamba ana cheti cha meneja wa usafirishaji, anakodisha jina lake kwa pauni mia mbili kwa mwezi, "huna haja ya kuniona." Nimchukue? — Luton

Hilo neno lake la mwisho ndo jibu lako.

Leseni ya kubebea watu mizigo lazima iwe na meneja mwenye cheti, na sio lazima awe mwajiriwa wako, wa nje anaruhusiwa, hata wewe mwenyewe unaweza kufanya mitihani ukawa meneja wa kampuni yako na kwa mtu wa lori moja mawili mimi naona hiyo ndo bora. Wa nje mwisho wake ni waendeshaji 4 na magari 50 kwa jumla. Huyo wa kwenye magrupu muulize anao wangapi, uone kama ataendelea kujibu meseji.

Meneja kazi yake ni kuangalia saa za madereva, manake ukishaendesha masaa manne na nusu lazima upumzike dakika 45, na tachografu (kifaa cha kurekodi muda wa kuendesha) inaandika kila kitu, kadi ya dereva isomwe kila siku 28 na kifaa chenyewe kilichomo garini kila siku 90. Ahakikishe dereva analizunguka gari kila asubuhi kabla ya kutoka, matairi, taa, uvujaji, na akiona kitu anaandika na mtu anakitengeneza. Ukaguzi wa fundi kila baada ya wiki kadhaa mlizoahidi kwenye fomu, pamoja na kipimo cha breki, na karatasi zote zikae miezi 15. MOT, ule ukaguzi wa lazima wa kila mwaka, kwa lori inaanza mwaka wa kwanza tu, hamna cha kusubiri miaka mitatu kama gari dogo. Mtu ambaye "huna haja ya kumwona" atayafanyaje haya?

Mwezi wa pili 2015 kule Bath tipa lilishuka mlima wa Lansdown breki hazishiki, likaua watu wanne, mmoja wao mtoto wa miaka 4. Mahakama ilikuta breki zilikuwa hazitunzwi. Dereva aliachiwa. Waliofungwa ni mwenye kampuni, miaka 7 na nusu, na fundi, miaka 5 na miezi 3. Mimi kila nikisikia mtu anasema leseni ya opereta ni karatasi za kizungu tu za kutunyima riziki namkumbusha hiyo kesi.

Nina leseni kwa jina langu miaka sita sasa. Mhasibu amenishauri nifungue kampuni ya limited ili nipunguze kodi, nimeshafungua mwezi uliopita. Nibadilishe tu jina kwenye leseni? — Baba wawili, Milton Keynes

Huwezi kubadilisha, leseni haihamishiki. Wewe ni mtu mmoja na kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, hata kama mwenye hisa ni wewe peke yako. Kampuni inaomba upya kuanzia mwanzo, tangazo, hela kwenye akaunti yake, kila kitu. Wahasibu wengi wazuri hili hawalijui. Kama ankara na mshahara wa dereva vimeshahamia kwenye kampuni, malori yako leo hii yanatembea bila leseni, kwa hiyo virudishe kwa jina lako mpaka kampuni ipate ya kwake, na uombe wiki hii, usingoje mwezi uishe.

Van yangu ni tani 3.5 haswa, nataka kuanza kubebea watu vitu vya magari mpaka Antwerp. Van si haihitaji leseni? — Dereva, East Ham

Ndani ya Uingereza haihitaji. Kwenda Ulaya kwa malipo inahitaji, tangu tarehe 21 Mei 2022, van yoyote iliyozidi tani 2.5 inayobeba mizigo ya watu kuvuka kwenda Umoja wa Ulaya lazima opereta awe na leseni ya kimataifa na meneja mwenye cheti. Ukiwa na van peke yake bila lori, kiwango cha hela cha kuonesha benki ni chini, pauni 1,600 ya kwanza na 800 zinazofuata. Ukipeleka vipuri ulivyonunua wewe, vya duka lako, hiyo haikuhusu, ila risiti na makaratasi yawe kwa jina lako, manake pale Dover hawaamini mdomo. Na usije ukaniandikia tena kwamba vipuri vyote vya watu kumi na moja ni vyako.